Bloku la Zege Barabarani: Dawa Kumi za Joto, Kuanzia ya Kuchekesha Hadi ya Kweli

Kuna watu Marekani wanaokoroga saruji, wanaimimina kwenye njia za maji za injini ya V8, wanaiacha igande, kisha wanashangaa gari linapochemsha kwenye foleni.

Usiwacheke bado. Saruji hiyo ina kazi yake. Bloku nyingi za Kimarekani za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kupeleka familia sokoni, si kubeba nguvu za farasi 700. Ukizichonga silinda ili zipanuke, kuta zinabaki nyembamba. Ukikanyaga mafuta kuta zinacheza, ringi zinashindwa kukaa sawa, na siku ikiwa mbaya ukuta unapasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapenzi wa mbio za dragi hawakusubiri ufa: walijenga ukuta mapema, ndani kwa ndani, kwa unga wa jamii ya saruji unaouzwa kwa majina kama Hard Blok.

Kwenye mbio zenyewe hakuna ugomvi. Mita 402, sekunde kumi au pungufu, unazima injini, unasubiri zamu nyingine. Ugomvi unaanza mtu anapotaka gari hilohilo limpeleke kazini Jumatatu. Na hamu hiyo ni kubwa: mwaka 2005 jarida la Hot Rod lilianzisha Drag Week, ambapo magari hukimbia dragi kwa siku tano na kuendeshwa barabara za kawaida kutoka uwanja hadi uwanja, yapata kilomita 1,600 kwa jumla, bila gari la kuyafuata na vipuri. Washindi wake wameshuka chini ya sekunde 7. Kuwa na mbio peke yake hakutoshi tena; lazima pia ufike.

Sasa hesabu ya haraka. Katika joto lote linalotoka kwenye petroli, kama theluthi inasukuma gari, theluthi inatokea ekzosi, na theluthi inawaachia kazi maji na oili. Zege halikuongeza joto. Lilifunga mlango mmoja tu, na wageni wote sasa wanasukumana kwenye mlango uliobaki.

Dawa ni hizi kumi, nimezipanga kwa uonevu wangu mwenyewe. Najua unataka kuruka hadi namba 1. Ruka. Sisi wengine tunaanza na namba 10.

10. Kufungua hita katikati ya kiangazi

Inafanya kazi, na hilo ndilo linaloudhi. Hita ya gari ni rejeta ndogo yenye feni yake, imefichwa chini ya dashibodi. Ukiifungua hadi mwisho, sehemu ya joto la injini inahamia kwenye magoti yako. Huko Texas mwezi wa Julai, nje nyuzi 38, wewe ndani unajipika ili bloku ipumue.

Kasoro moja tu: gari la mbio kwa kawaida halina hita. Mwenyewe aliing'oa zamani ili kupunguza kilo chache, akajisifu kwa wenzake, na ile nafasi akaweka geji.

*Hukumu:* Dawa ya dharura, kwa watu ambao hawakuitupa. Dereva anachemka kwa niaba ya gari.

9. Kuinua boneti kwa nyuma

Umewaona. Wanaweka vipande vya bomba chini ya bawaba, boneti inabaki imeinuka upande wa kioo cha mbele, eti joto litoke. Gari likiwa limesimama, sawa, joto linapanda na kutoka. Likishakimbia mambo yanageuka, kwa sababu upepo unapogonga kioo hujikusanya hapo chini yake na kujenga shinikizo kubwa. Chevrolet walilijua hilo vizuri: boneti maalumu ya Camaro ya 1969 ilikuwa na tundu lililoelekea kioo, makusudi kabisa, ili kunyonya hewa kutoka hapo.

Kwa hiyo ukiinua boneti kwa nyuma, kwenye barabara kuu hewa haitoki. Inaingia. Ikishaingia inabanana na ile inayojaribu kupita kwenye rejeta, na rejeta ndiyo inayoshindwa.

*Hukumu:* Ni dawa ya maegesho. Likianza kwenda, gari linaipinga.

8. Kung'oa thamostati

Hapa najua nagusa mboni ya jicho. Kuanzia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hadi za Grogan, Nairobi, gari likichemsha mara mbili tu, kitu cha kwanza kutupwa ni thamostati. Wamarekani nao wana ugonjwa huohuo, ila wao wana kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema ing'oe. Kambi ya pili inasema usithubutu, kwa sababu maji yatakimbia mno na kukosa muda wa kupoa kwenye rejeta.

Kambi zote mbili zinakosea, na kila moja kwa namna yake. Thamostati, iwe ya nyuzi 71, 82 au 90, inaamua injini isipoe chini ya hapo. Dari haipangi. Injini inayofika nyuzi 110 ilishaifungua thamostati yote kitambo, kwa hiyo anayeing'oa anamwadhibu asiye na kosa. Na maji yanazunguka: yakikaa muda mfupi kwenye rejeta, yanakaa muda mfupi kwenye injini pia. Mzunguko wa kasi hausababishi joto.

Kinachopotea ukiing'oa ni kizuizi. Kizuizi kile husaidia kuweka shinikizo ndani ya hedi, na shinikizo huzuia mvuke usijikusanye karibu na vali za ekzosi. Ndiyo maana watu wa mbio wanaotoa thamostati huweka mahali pake kidude cha duara chenye tundu.

*Hukumu:* Iache. Haijakukosea.

7. Maji matupu, kulanti, na ule mfuniko usioheshimiwa

Kwa kubeba joto, maji yanaishinda kulanti bila kutoa jasho: kilo moja ya maji hubeba kama kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba takriban 3.5. Ndiyo maana wengi wenye bloku la zege hutumia maji safi pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Hiyo dawa usiibanie. Bloku ni chuma, na chuma na maji vinajuana tangu zamani.

Nyota wa kipengele hiki, hata hivyo, ni mfuniko wa rejeta. Usawa wa bahari maji huchemka nyuzi 100. Denver, kwenye mita 1,600, huchemka karibu na 95, na Nairobi ni pungufu ya hapo kidogo. Mfuniko wa psi 15 unaongeza takriban nyuzi 20 juu ya hizo. Watu wananunua rejeta ya mamia ya dola, halafu wanaifunga kwa mfuniko wenye mpira uliokauka waliourithi na gari.

*Hukumu:* Badilisha mfuniko leo. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na ndiyo sababu hakuna anayejitapa nacho.

6. Taimingi na kabureta

Injini inaweza kuchemsha huku rejeta, pampu na feni vyote vizima. Cheche ikichelewa gari likiwa limesimama linaunguruma, moto haumaliziki ndani ya silinda. Unamalizikia kwenye njia ya ekzosi, na njia hiyo inapita ndani ya hedi, jirani kabisa na maji yako.

Distribyuta nyingi za mbio hazina kile kikombe cha vakyumu kinachowahisha cheche injini ikiwa haina mzigo. Uwanjani hakihitajiki, maana nani anakwenda taratibu uwanjani? Kwenye taa nyekundu ndipo unapokikumbuka. Kabureta nayo ikibania petroli, joto linapanda zaidi. Rudisha vakyumu, wahisha cheche, sahihisha kabureta, halafu uangalie geji.

*Hukumu:* Ni dawa ya bisibisi na nusu saa. Inashika namba 6 kwa sababu haing'ai, na msomaji wa makala za magari anapenda kinachong'aa.

5. Kubadilisha kinywaji: E85

E85 ni petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi. Ethanoli ikigeuka kuwa mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli, na injini huihitaji kwa wingi zaidi kwa hewa ileile. Matokeo yake ni kwamba mchanganyiko unaingia kwenye silinda ukiwa baridi. Methanoli inazidi hata hapo.

Ukitaka kuona mwisho wa barabara hiyo, tazama magari ya Top Fuel, daraja la juu la mbio za dragi. Bloku zao za alumini hazina njia za maji kabisa. Hakuna rejeta, hakuna pampu, hakuna hozi. Wanachoma nitromethane kwa wingi wa kutisha, na mafuta yenyewe yanafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupoza. Tangu 2008 wanakimbia futi 1,000, yaani mita 305, chini ya sekunde 4, kisha mafundi wanaifumua injini kabla ya mbio inayofuata. Kwa hiyo anayekwambia "mbona Top Fuel hawana maji?" mwulize kama naye hufumua injini kila anapotoka kununua mkate.

Kwa barabarani E85 ni dawa halali, ila inanywewa haraka, na vituo vyake vimejazana zaidi kwenye majimbo ya mahindi ya katikati ya Marekani. Nje ya hapo unaendesha huku unahesabu vituo.

*Hukumu:* Injini inapoa, pochi inachemka.

4. Pampu ya maji ya umeme

Pampu ya kawaida ni mtumwa wa kranki. Injini ikienda polepole, nayo inazunguka polepole, tena hapohapo kwenye foleni unapoihitaji zaidi. Watu wa mbio huizidishia balaa: wanabadilisha puli ili pampu izunguke taratibu na isiibe nguvu. Uwanjani ni ujanja. Mjini ni kujichimbia kaburi, kwa hiyo kama unabaki na pampu ya mkanda, rudisha puli za kiwandani kabla hujagusa kitu kingine.

Pampu ya umeme haijali kasi ya injini. Meziere wanauza zilizopewa kipimo cha galoni 55 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 200. Utamu wake mkubwa ni kwamba inaendelea kuzungusha maji hata injini ikiwa imezimwa, na wewe umeegemea gari unajifanya hujali.

Ubaya wake: fyuzi ikiungua, haikupigii kelele. Mkanda ukikatika utausikia. Pampu ya umeme ikifa, habari unaipata kwenye geji, kama unaiangalia. Weka taa ya onyo, na hakikisha altaneta inatosha, kwa sababu ile ndogo ya gari la mbio haikuwahi kulisha pampu, feni na taa za usiku kwa pamoja.

*Hukumu:* Dawa nzuri, mradi usiwe mtu wa kuunga nyaya kwa kuzisokota.

3. Rejeta, feni, na kava lililosahaulika

Kila mtu anajua kununua rejeta kubwa ya alumini. Wachache wanajua kwamba rejeta kubwa isiyopitisha hewa ni pambo la chuma. Ukikimbia barabara kuu, upepo wa safari unafanya kazi yote na feni inapumzika. Chini ya kilomita 50 kwa saa, feni ndiyo kila kitu, na feni isiyo na kava inavuta hewa kupitia duara lililo mbele ya mapanga yake tu. Pembe nne za rejeta zimelala. Kava ndilo linaloilazimisha hewa ipite kila mahali.

Jaribio ni rahisi. Washa injini, feni izunguke, chukua karatasi ya kawaida ya kuandikia uiweke mbele ya rejeta. Katikati inanata yenyewe. Sasa ihamishie kwenye pembe ya juu kushoto. Ikianguka, umejua tatizo lako bila kumlipa mtu. Halafu pitisha vidole kando ya rejeta: kila mwanya unaoingiza vidole unaruhusu hewa kukwepa, na hewa haipendi kujichosha. Ziba kwa sponji.

*Hukumu:* Mwenye rejeta ya kawaida na kava zuri anamcheka mwenye rejeta ya maonyesho. Anza kunibishia hapa, nimejiandaa.

2. Kimo cha zege

Tumefika kwa wakubwa. "Bloku lililojazwa" si kitu kimoja. Kuna kujaza nusu, ambako zege linaishia usawa wa chini wa matundu ya pampu ya maji, na kuna kujaza hadi juu kabisa, ambako maji yanabaki kwenye hedi peke yake. Hao wawili wakiingia barabarani si ndugu tena.

Siri iko hapa: moto mkali zaidi uko juu ya silinda na ndani ya hedi. Ukijaza nusu, maji bado yanapita palepale penye moto. Ndiyo maana wengi waliojaza nusu wanaona geji ya maji ikitulia karibu na kawaida, wakaanza kuhubiri kwamba zege halina madhara. Ngoja namba 1.

Kazi yenyewe ni ya subira. Bloku inasimamishwa wima na sawasawa, uji unamiminwa kidogo kidogo, ubavu unagongwagongwa kwa nyundo ya mpira ili mapovu yatoke, na kijiti chenye alama kinazamishwa kila upande kupima kimo. Vikombe vya beringi za kranki na sahani nzito za juu vinafungwa kwa nguvu ileile ya injini iliyokamilika, ili silinda zigande katika umbo lake la kazi. Baada ya hapo hakuna "samahani, nilizidisha." Zege halina reverse.

Mawili ya kukumbuka. Chevrolet 400 ndogo, ambayo silinda zake zimeshikana, ilitoka kiwandani na vitundu vya kutolea mvuke. Ukiifunga hedi zisizo na vitundu hivyo, mvuke unanaswa, zege liwepo lisiwepo. Na sensa ya joto ihamishie kwenye hedi. Sensa iliyozungukwa na zege itakusomea joto la zege.

*Hukumu:* Nusu kwa barabara, yote kwa uwanja. Anayejaza yote halafu anataka kwenda nalo harusini mikoani, sikio la kufa halisikii dawa.

1. Rejeta ya oili

Ndiyo, oili. Usinitolee macho.

Kila mtu kwenye mjadala huu anaitazama geji ya maji. Lakini jiulize zege limekaa wapi: chini, kuzunguka sehemu ya silinda ambayo zamani ilipozwa na maji. Pistoni bado inasugua pale. Beringi za kranki bado zinazunguka hapo chini. Joto lao sasa linamwendea nani? Oili, ambayo haikuulizwa.

Na oili si maji. Kwa kilo, hubeba karibu nusu tu ya joto linalobebwa na maji, na ikizidi joto inakuwa nyepesi kiasi cha kuziacha beringi zikigusana na kranki. Barabarani unaitaka ipite nyuzi 100, ili unyevu uchemke utoke, na ibaki chini ya 120 hivi. Injini yenye zege ikikimbizwa kwa saa moja barabara kuu inaweza kuvuka hapo huku geji ya maji ikikuonyesha 85, imetulia tuli. Huo ndio ujanja wa bloku lililojazwa nusu: linachemshia mahali usipotazama.

Dawa ina vipande vinne. Kwanza, geji ya joto la oili. Bila hiyo tunabishana gizani. Pili, sampu kubwa, lita 7 au 8, maana oili nyingi inachelewa kupata joto. Tatu, rejeta ya oili iliyowekwa penye hewa yake, isijibanze nyuma ya rejeta ya maji ikipuliziwa hewa iliyokwisha chemka, na ikibidi iwe na feni yake. Nne, thamostati ya oili, ili asubuhi isipoozwe kabla haijapata joto. Wewe uliyeitupa ya maji kwenye namba 8, hii nayo usiiguse.

*Hukumu:* Kama una hela ya dawa moja tu, nunua hii. Maji yakizidi joto yanakupa mvuke na aibu ya kusimama kando ya barabara. Oili ikizidi joto inakupa kranki mpya.

Na namba 0, kwa wabishi

Nasikia mmoja kule nyuma akisema: "Si ununue tu bloku nene ya kisasa, kama za Dart, isiyohitaji zege?" Umeshinda. Ndiyo dawa bora kuliko zote kumi. Ina tatizo moja tu: bei yake inalipia namba 2 hadi namba 7 na chenji inabaki. Anayemimina zege kwa kawaida keshaulizia bei hiyo, akakohoa, akaondoka dukani.

Haya, uwanja wako. Namba 3 na 4 nakubali kuzibadilishana ukinibembeleza. Namba 6 ukitaka kuipandisha, sina ugomvi. Namba 8 tutagombana hadi usiku. Ila ukija kuing'oa namba 1, njoo na usomaji wa joto la oili baada ya saa moja ya barabara kuu. Kama huna geji yake, wewe bado uko upande wangu, ila hujajua.